Mkizi wa Guyana: Kisima, Mpaka na Mkataba

Mei 2015 ulikuwa mwezi mzito kwa Guyana. Tarehe 11 wananchi walipiga kura na kukiondoa chama kilichokaa madarakani miaka takriban 23. Tarehe 16 David Granger, mwanajeshi mstaafu, akaapishwa kuwa rais. Tarehe 20 kampuni ya Marekani ya ExxonMobil ikatangaza kwamba mtambo wake wa kuchoronga, Deepwater Champion, umekuta mafuta kilomita 190 hivi kutoka ufukweni: mwamba wa mchanga wenye unene wa zaidi ya mita 90, umelowa mafuta mazuri. Wiki moja baadaye Rais Nicolás Maduro wa nchi jirani ya Venezuela akatoa amri namba 1.787, akiiweka sehemu kubwa ya bahari ile mikononi mwa jeshi lake la majini. Kati ya kura ya Georgetown na amri ya Caracas zilipita kama wiki mbili tu.

Kisima kile kiliitwa Liza. Exxon imekuwa ikivipa visima vyake vya Guyana majina ya samaki, na Liza ni jina la kitaalamu la jamii ya samaki ambao wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki wanawajua kwa jina la mkizi. Huyu ndiye yule anayeghadhibika, akaruka juu ya maji, akaangukia mwenyewe ndani ya ngalawa. Ndiyo maana wahenga wa pwani walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Hadithi ya mafuta ya Guyana imejaa ghadhabu, ya jirani kwa jirani na ya chama kwa chama. La kuangalia ni ngalawa ilikuwa ya nani.

Mstari uliochorwa Paris

Guyana iko kaskazini mwa Amerika ya Kusini, kati ya Venezuela na Suriname, na kusini inapakana na Brazil. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 215,000 hivi, pungufu kidogo ya Uganda, lakini watu wake ni takriban 800,000 tu. Wengi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani ulio chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa, nyuma ya kuta na mifereji. Waholanzi waliukausha ukanda huo kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya miwa. Utumwa ulipokoma, Waingereza waliokuwa wameshaichukua nchi wakaanza mwaka 1838 kuleta vibarua wa mkataba kutoka India. Vizazi vya makundi hayo mawili ndiyo sehemu kubwa ya raia wa leo, na kwa miongo mingi siasa imewagawa hivyo hivyo: wengi wenye asili ya India wakikifuata chama cha PPP, wengi wenye asili ya Afrika wakikifuata PNC.

Waholanzi walipoyakabidhi kwa Uingereza makoloni ya Berbice, Demerara na Essequibo mwaka 1814, hapakuwa na mstari ulioeleza Essequibo inaishia wapi na Venezuela inaanzia wapi. Katika miaka ya 1840 Robert Schomburgk, mpima ardhi aliyetumwa na Waingereza, alichora wake. Venezuela ikaukataa, ikidai ardhi yote hadi ukingo wa mto Essequibo. Dhahabu ilipoonekana porini, ugomvi ukapamba moto, na mwaka 1895 Rais Grover Cleveland wa Marekani akaibana Uingereza ikubali usuluhishi.

Wasuluhishi watano waliketi Paris: Waingereza wawili, Wamarekani wawili upande wa Venezuela, na mwenyekiti wao Mrusi, Friedrich Martens. Mvenezuela hakuwemo. Tarehe 3 Oktoba 1899 walitoa uamuzi mfupi usioeleza sababu hata moja. Uingereza ilipata karibu asilimia 90 ya ardhi iliyogombaniwa, Venezuela ikabaki na mdomo wa mto Orinoco. Miaka tisa kabla, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamegawana Afrika Mashariki kwa namna isiyotofautiana sana, wenyeji wakiletewa habari baadaye.

Venezuela ilitii, ikatuma wapimaji, na kufikia 1905 mpaka ukawa umewekewa alama. Kisha mwaka 1949 likachapishwa andiko la Severo Mallet-Prevost, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa katika timu ya Venezuela kule Paris. Aliliacha litolewe akishafariki. Ndani yake alidai kwamba Martens na majaji wa Uingereza walipatana pembeni. Mwaka 1962 Venezuela ikasimama Umoja wa Mataifa na kusema haiutambui tena uamuzi wa 1899. Ardhi inayodaiwa, Essequibo, ni zaidi ya theluthi mbili ya Guyana yote.

Makubaliano ya Geneva ya Februari 1966 yalizitaka pande zote zitafute suluhu ya amani. Guyana ikapata uhuru tarehe 26 Mei mwaka huo, na Oktoba wanajeshi wa Venezuela wakaikalia Ankoko, kisiwa cha mtoni kilicho mpakani. Hawajatoka hadi leo.

Dai hilo lilikuwa na gharama hata pale risasi zisipolia. Mwaka 1981 Venezuela iliiandikia Benki ya Dunia kupinga mkopo wa bwawa la umeme la Mazaruni ya Juu, na bwawa halikujengwa. Hadi leo kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida Georgetown.

Watu wa Georgetown waliopita Dar es Salaam

Forbes Burnham, aliyeitawala Guyana kuanzia 1964 hadi kifo chake mwaka 1985, alitaifisha migodi ya boksiti mwaka 1971 na mashamba ya miwa mwaka 1976. Msomaji wa Tanzania anaweza kuusikia humo mwangwi wa Azimio la Arusha. Na watu walikuwa wakipita kati ya nchi hizo mbili. Walter Rodney, mzaliwa wa Georgetown, alikuwa mhadhiri wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoandika kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho Tanzania Publishing House ilishiriki kukichapa mwaka 1972. Clive Thomas, mchumi wa Guyana, naye alifundisha mlimani miaka hiyo, akishughulika na swali ambalo lingemrudia uzeeni: uchumi mdogo unaotegemea zao moja la kuuza nje unajinasuaje?

Rodney alirudi nyumbani mwaka 1974 na kukuta nafasi aliyopewa chuo kikuu imefutwa. Akawa miongoni mwa viongozi wa Working People's Alliance, chama kilichojaribu kuwaunganisha weusi na Wahindi dhidi ya Burnham. Tarehe 13 Juni 1980 bomu lililofichwa ndani ya chombo cha mawasiliano lilimuua akiwa garini. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Mwisho wa muongo ule hazina ilikuwa tupu, madeni yamerundikana, na maelfu ya Waguyana walikuwa wamehamia London, New York na Toronto. Nchi iliyojaribu kushika mali yake kwa mikono yake ikaanza kutafuta wageni wenye fedha.

Kitalu kikubwa kuliko Rwanda

Dalili za mafuta zilikuwapo zamani. Shell ilichoronga kisima cha Abary mwaka 1975 na kuona mafuta, lakini si ya kuvuta biashara. Kwa miaka zaidi ya ishirini bahari ile ikasahaulika, hadi Juni 1999 serikali ya Rais Janet Jagan ilipotia saini na Esso, tawi la Exxon.

Saini hiyo ilikuwa na historia yake. Janet Jagan alizaliwa Chicago, akaolewa na Cheddi Jagan, na pamoja wakajenga PPP kwa itikadi ya Kimarx. Mwaka 1953 Uingereza ilituma majeshi na kuing'oa serikali ya Cheddi ikiwa na siku 133 tu madarakani. Janet alifungwa jela mwaka uliofuata. Mwanamama huyo, akiwa na umri wa miaka 78, ndiye serikali yake iliyoipa kampuni ya Marekani kitalu cha Stabroek, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 26,800. Rwanda nzima ni ndogo kuliko hapo. Wanaoitetea hatua ile husema kwamba nchi isiyo na manowari ilihitaji bendera nzito baharini mwake.

Na haukupita mwaka kabla ya hoja hiyo kupata ushahidi. Juni 2000 boti za kijeshi za Suriname, jirani wa mashariki, ziliufukuza mtambo wa kampuni ya Kanada ya CGX uliokuwa ukijiandaa kuchoronga. Exxon nayo ikasimamisha kazi. Guyana ikaenda kwenye usuluhishi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, na Septemba 2007 ikapewa sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Upande wa mashariki ukatulia. Wa magharibi haukutulia: Oktoba 2013 jeshi la majini la Venezuela liliikamata meli ya utafiti Teknik Perdana, iliyokodiwa na kampuni ya Anadarko, na kuipeleka kisiwa cha Margarita pamoja na mabaharia wake.

Mwaka 2014 Shell, iliyokuwa na nusu ya Stabroek, ikajiondoa. Wajiolojia wa Exxon walikuwa wakikadiria nafasi ya kufanikiwa kuwa moja kati ya tano, kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,700. Ili kugawana hatari ya hasara Exxon ikabaki na asilimia 45, kampuni ya Hess ikachukua 30, na Nexen, mali ya kampuni ya taifa ya China iitwayo CNOOC, ikachukua 25. Mwaka uliofuata mkizi akaruka.

Hesabu ya mapipa mia

Serikali ya Granger iliurithi mkataba wa 1999 ikiwa na nafasi ambayo watangulizi wake hawakuipata: mafuta yalikuwa yameshaonekana. Tarehe 27 Juni 2016 waziri wa maliasili, Raphael Trotman, alitia saini mkataba mpya wa kugawana uzalishaji. Wananchi walikuja kuusoma Desemba 2017, miezi 18 baadaye, baada ya kelele nyingi.

Masharti yake yanaeleweka kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua mapipa 100. Hadi mapipa 75 huchukuliwa kwanza na kampuni kurejesha gharama zao. Yanayobaki, 25, hugawanywa nusu kwa nusu: serikali 12 na nusu, kampuni 12 na nusu. Serikali huongezewa mrabaha wa asilimia 2 ya uzalishaji. Jumla yake ni mapipa 14 na nusu katika kila 100, kwa muda wote ambao gharama zinafika kwenye kikomo hicho. Zikishuka, fungu la serikali hupanda. Lakini mkataba haukuweka uzio kati ya mradi mmoja na mwingine, kwa hiyo gharama za kuchoronga kisima kipya leo zinaweza kudaiwa kwenye mafuta ya kisima cha jana. Kila ugunduzi mpya unasogeza mbele siku ya deni kwisha. Aidha, kodi ya mapato ya kampuni hulipwa na serikali yenyewe kutoka kwenye fungu lake.

Kampuni zilijibu kwamba ziliingia kwenye bahari isiyojulikana, ambako wengine walichoronga visima vikavu na kuondoka, na kwamba fedha ya hatari hutaka ujira wa hatari. Hoja hiyo ina uzito kwa mkataba wa 1999. Inapungua uzito kwa ule wa 2016, uliosainiwa Liza ikiwa imeshathibitika.

Kwa nini basi Guyana ilikubali? Sehemu ya jibu ilifichuka Desemba 2017, ilipovuja barua ya Wizara ya Fedha ya mwaka uliotangulia kwenda kwa gavana wa benki kuu. Barua ilihusu dola milioni 18 za Marekani ambazo Exxon ililipa kama takrima ya kusaini mkataba. Fedha hizo hazikuingia hazina kuu. Zilifunguliwa akaunti ya pembeni. Serikali ilikuwa imekana, sasa ikakiri: dola milioni 15 zilitengwa kwa ajili ya mawakili wa kesi ya mpaka, na milioni 3 kwa mafunzo.

Hapo ndipo mpaka na mkataba vinakutana. Nchi iliyokuwa ikitishwa na jirani mwenye jeshi kubwa mara nyingi kuliko lake ilikaa mezani na kampuni ambayo kuwapo kwake baharini kulikuwa kinga, na fedha za kampuni hiyo hiyo zikawa ada ya wanasheria wa kuulinda mpaka. Viongozi waliosaini wameeleza baadaye kwamba tishio la Venezuela lilikuwa zito katika hesabu yao. Mtu anayejadiliana bei huku nyumba yake inazingirwa hajadiliani kama wengine. Guyana ilinunua ulinzi, na ikaulipia kwa mapipa.

Jambo moja huumiza zaidi kulitazama kutoka Dar es Salaam. Katika muungano ulioshika serikali wakati mkataba unasainiwa kilikuwemo Working People's Alliance, chama cha Walter Rodney.

Kura moja, mafuta ya kwanza

Januari 2018 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliamua kwamba miongo ya upatanishi imeshindwa na suala liende Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Machi 29 Guyana ikafungua kesi, ikiomba uamuzi wa 1899 uthibitishwe.

Desemba mwaka huo yakaja mapigo mawili kwa usiku mmoja na mchana wake. Tarehe 21 bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali. Mbunge wa upande wa serikali, Charrandas Persaud, alisema ndiyo, na hoja ikapita kwa kura 33 dhidi ya 32. Asubuhi tarehe 22 manowari ya Venezuela ikaifuata Ramform Tethys, meli ya utafiti iliyokuwa ikiifanyia kazi Exxon, nayo ikageuza na kurudi mashariki.

Serikali haikuondoka. Wanasheria wake walidai kwamba nusu ya wabunge 65 ni 32 na nusu, ambayo ikikamilishwa huwa 33, na kwa hiyo wingi wa kura ni 34. Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Karibi ikawajibu kwamba 33 ni wingi. Uchaguzi ulifanyika Machi 2020, kukawa na jaribio la kubadili matokeo, kura zikahesabiwa upya mbele ya waangalizi wa jumuiya ya CARICOM, na miezi mitano ikapita kabla Irfaan Ali wa PPP hajaapishwa Agosti 2.

Ugomvi ule wote ulikuwa na sababu iliyoelea baharini. Tarehe 20 Desemba 2019 meli ya uzalishaji Liza Destiny, yenye uwezo wa mapipa 120,000 kwa siku, ilianza kutoa mafuta. Atakayekaa ikulu ndiye angeshika funguo.

Zikafuata Liza Unity mwaka 2022, Prosperity mwaka 2023 na One Guyana mwaka 2025. Akiba iliyogunduliwa Stabroek imepita mapipa bilioni 11, na kufikia mwisho wa 2025 uzalishaji ulikuwa karibu mapipa 900,000 kwa siku, zaidi ya pipa moja kwa kila raia. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 60 mwaka 2022 na zaidi ya asilimia 40 mwaka 2024. Urusi ilipoivamia Ukraine na Ulaya ikayakimbia mafuta yake, shehena nyingi za Guyana zilielekezwa huko.

Maduro aita kura

Venezuela ina akiba ya mafuta kubwa kuliko nchi yoyote duniani, lakini uzalishaji wake, uliopita mapipa milioni 3 kwa siku mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa umeporomoka hadi chini ya milioni 1. Uongozi mbovu uliuua, na vikwazo vya Marekani vikaukandamiza zaidi. Jirani mdogo alikuwa anapanda ngazi ambayo mkubwa alikuwa anaishuka.

Tarehe 3 Desemba 2023 Maduro aliitisha kura ya maoni. Mahakama ya The Hague ilikuwa imeionya Venezuela siku mbili kabla isibadilishe hali ilivyo. Serikali yake ikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 wamekubali Essequibo iwe jimbo la Venezuela. Maduro akaonyesha ramani mpya, akaiagiza kampuni ya taifa, PDVSA, ianzishe kitengo cha Essequibo, na akazipa kampuni zinazochimba kwa leseni za Guyana miezi mitatu ziondoke.

Brazil ikapeleka askari na magari ya kivita jimbo la Roraima, kwa kuwa jeshi lolote la Venezuela linalotaka kuingia Essequibo kwa barabara lingelazimika kupita huko. Marekani ikatangaza mazoezi ya ndege za kijeshi juu ya Guyana. Tarehe 14 Desemba Ali na Maduro walikutana Argyle, kisiwani St. Vincent, wakaahidi kutotumia nguvu. Wiki mbili baadaye Uingereza ilituma meli ya kivita HMS Trent, na Maduro akajibu kwa mazoezi ya askari zaidi ya 5,600. Machi 1, 2025 meli ya ulinzi ya Venezuela ikafika karibu na Prosperity na kuwaambia mabaharia kwa redio kwamba wako kwenye maji yenye mgogoro. Kabla mwezi haujaisha, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, alikuwa Georgetown akiionya Caracas.

Ramani ya urafiki na uadui, hata hivyo, haikunyooka. China ni mkopeshaji mkubwa wa Venezuela, na kampuni yake ya taifa ina robo ya Stabroek. Chevron ya Marekani imekuwa ikizalisha mafuta Venezuela kwa vibali vya Washington. Oktoba 2023 ilitangaza kuinunua Hess kwa dola bilioni 53, na sababu kubwa ilikuwa ile asilimia 30 ya Guyana. Exxon na CNOOC wakaipinga pamoja kwenye usuluhishi, wakidai haki ya kuuziwa kwanza. Julai 2025 walishindwa. Chevron leo ina mguu mmoja kila upande wa mpaka unaogombaniwa. Dola bilioni 53 ni kipimo cha kile ambacho mkataba wa 2016 uliwapa waliokuwa ndani yake.

Kijiji cha Buxton

Ndani ya Guyana swali limekuwa nani anaonja. Agosti 2018 mzee Clive Thomas alisimama Buxton, kijiji ambacho Waafrika waliotoka utumwani walikinunua kwa kuchanga fedha mwaka 1840, akapendekeza sehemu ya mapato ya mafuta igawiwe moja kwa moja, takriban dola 5,000 za Marekani kwa kila kaya kwa mwaka. Wanasiasa wengi walilidharau pendekezo hilo. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kumpa kila raia mtu mzima dola 100,000 za Guyana, ambazo ni kama dola 480 za Marekani. Mwaka uliofuata karo ya chuo kikuu cha umma ikafutwa. Mfuko wa Maliasili, unaotunzwa katika Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 3 mwishoni mwa 2024.

Februari mwaka huo huo wa 2024 walimu waligoma kwa wiki kadhaa. Bei za chakula na nyumba zilikuwa zimewakimbia. Ni vigumu kuzisoma takwimu za ukuaji wa asilimia 40 bila kuwafikiria watu hao waliosimama barabarani na mabango.

Wengine walikwenda mahakamani. Mei 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba tawi la Exxon lazima lilete dhamana isiyo na kikomo ya kampuni mama, endapo mafuta yatamwagika. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji, kwa sharti kwamba iwekwe dhamana ya dola bilioni 2. Kwa nchi ambayo mji wake mkuu uko chini ya usawa wa bahari na ambayo wavuvi wake wanategemea maji yale yale, hilo si suala la karatasi.

Serikali ya Ali ilishambulia mkataba wa 2016 ikiwa upinzani. Ilipoingia ikulu ilisema haitaufungua, kwa kuwa mwekezaji akiona saini inageuzwa ataondoka. Badala yake imeandika masharti mapya kwa vitalu vipya: mrabaha wa asilimia 10, kikomo cha gharama asilimia 65, na kodi ya asilimia 10. Stabroek, yenye mafuta yote yanayozalishwa hadi sasa, imebaki na masharti ya zamani.

Kesi ya Paris, bahari ya Lindi

Afrika Mashariki inaijua mahakama ile ya The Hague. Oktoba 12, 2021 iliamua kesi ya Somalia dhidi ya Kenya juu ya pembe ya bahari yenye vitalu vya mafuta na gesi, ikachora mstari uliokaribia zaidi ule wa Somalia. Kenya ilikuwa imejitoa kwenye usikilizwaji na ikaukataa uamuzi. Venezuela pia imesema haiitambui mamlaka ya mahakama juu ya Essequibo, ingawa mahakama ilikwisha kuamua Desemba 2020 kwamba inayo.

Tanzania nayo ina utajiri wake chini ya maji. Tangu 2010 visima vya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara vimeonyesha sehemu kubwa ya gesi ya futi za ujazo trilioni 57 ambayo nchi inakadiriwa kuwa nayo. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu Namba 2 kati ya serikali na kampuni ya Norway ya Statoil ilivuja, na Watanzania wakabishana juu ya mgawo ambao hawakuwa wameonyeshwa, kama Waguyana walivyokuja kubishana miaka mitatu baadaye. Sheria za 2017 zililipa bunge nguvu ya kupitia mikataba ya maliasili. Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na Equinor, jina jipya la Statoil, pamoja na Shell. Hadi 2025 uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulikuwa haujafikiwa.

Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi, ndiko eneo la mtambo wa kusindika gesi lilikotengwa, na wakazi wakaondolewa mashambani na kulipwa fidia. Wavuvi wa hapo bado wanatoka alfajiri na ngalawa zao. Dar es Salaam wanasheria wa pande mbili wanaendelea kubishana juu ya kikomo cha gharama, mgawo wa faida na kodi, vifungu vile vile ambavyo Guyana ilivisaini Juni 2016 na kuvisoma Desemba 2017.